Ganda

Siku tatu za dripu, taya la Chilumba limenywea.
Somoe, mama yake, kapiga kigelegele wodini Ndanda.

Mimi nimeshika karatasi:
potasiamu juu, fosfeti juu, asidi ya yuriki juu,
kalsiamu chini.
Daktari anaandika daraja: *la maabara*.
*La mwili*, bado.
Kati ya maneno hayo
pana mkojo wa usiku mmoja.

"Uvimbe unakufa, mbona mmenuna?"

Mama, wewe ni mbanguaji.
Korosho ikipasuka
ganda hutema mafuta.

Anavitazama vidole vyake, vyeusi hadi kwenye kucha.
Kisha anainua chupa ya mkojo kwenye taa:
"Huu unatosha?"

Saa tisa usiku. Moyo haujaruka pigo.
Neno la daktari
sijalifuta.