Nani Alikunywa Maji?

Nimeshuka Valga na sanduku la magurudumu,
gurudumu moja limevunjika tangu Tartu
na linaburuta mguu nyuma yangu kama mdai.
Ndani: nakala arobaini za riwaya yangu ya watoto,
chupa ya chai, kalamu tatu za wino wa buluu,
na bango la uso wangu
ambalo mchapishaji alitaka nicheke hadi magego.

Kizuri chajiuza, wasema watu.
Hiki changu ninakitembeza wiki ya tatu sasa.

Novemba. Kinachoanguka hakijaamua
kama ni theluji au mvua.
Heldur, mkutubi, amepanga viti thelathini.
Akavitazama, akaondoa kumi.
Akanitazama, akaondoa vingine kumi,
polepole, kama amvuaye mgonjwa viatu.

Saa kumi kamili, hadhira yangu:
mzee aliyeingia kukausha glovu juu ya hita,
mama mwenye simu sikioni,
na msichana mwenye kofia ya sufi ya kijani,
kitabu changu tayari mapajani mwake,
kimevimba, kina doa la supu,
kona zake zimekunjwa na kukunjuliwa
hadi zimekuwa laini kama masikio.

Nikawasomea sura ya tisa,
pale Pätsu, mbwa wa mlinda-reli,
anapofia chini ya kengele ya stesheni.
Niliisoma kwa ile sauti
niliyoifanyia mazoezi mbele ya friji.
Mzee alivuta kamasi. Huenda ni baridi.

"Maswali?" akauliza Heldur, haraka,
kama afunguaye dirisha.

Mkono ukapanda, wote, hadi begani.
"Naitwa Leelo. Ukurasa wa mia na kumi,
Kaupo analijaza maji bakuli la Pätsu, usiku,
kwa sababu anamkumbuka.
Mlango una komeo. Umeandika komeo.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili ni asubuhi,
na bakuli ni tupu.
Nani alikunywa maji?"

Hita ikakohoa.
Mama akaishusha simu.

Mhariri aliusoma mswada mara tatu,
mimi nimeusoma hadi umenichukia,
na bakuli lile likatupita sote.
Lilisalia kutoka rasimu ya kwanza,
Pätsu alipokuwa bado anabweka,
kabla sijaambiwa kwamba watoto nao
wanahitaji huzuni kidogo, ya kupimwa,
nami nikamuua kwa aya mbili, Jumanne moja,
kisha nikala mchana, nikashiba.

Uongo ulikuwa tayari ulimini:
panya; mvuke; bakuli lenye ufa.
Watu wazima hutembea na vitu kama hivyo
kama chenji mfukoni.
Lakini Leelo hakunitazama kama hakimu.
Alinitazama kama mtu aliyeona nyayo
akaja kumwita mwenzake waje wazione.

"Mimi nadhani," akasema,
"hukumaliza kumuua."

Nikasema, "Sikumaliza."
Na niliposema, ikawa kweli,
au karibu na kweli, mahali ninapofanyia kazi.

Niliuza vitatu. Heldur viwili,
kimoja cha maktaba, kimoja cha huruma.
Mzee wa glovu alichukua cha mjukuu aliyeko Riga,
akakifungua papo hapo, akatafuta sura ya kumi.
Kitabu cha Leelo kina muhuri wa maktaba,
ni marufuku kukiandika.
Heldur akaanza kuikagua dari kwa makini sana,
nami nikaandika: *Kwa Leelo, ahesabuye maji.*

Kwenye treni, ujumbe wa mchapishaji:
*Umeuza vingapi? Na tukifika toleo la pili,
kuna lolote la kurekebisha?*

Swali la kwanza nililiruka.
La pili nikalijibu: *Hakuna.
Bakuli liacheni tupu.*

Nje, stesheni ndogo zilipita gizani moja moja.
Kila penye kengele, nilijikuta nikichungulia chini yake.