Jiko la Saba

Kutaisi, Februari. Theluji imeketi dirishani
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Karakanani, juu ya meza ya chuma,
jiko la saba limevuliwa mabati ya ubavuni
na matumbo yake yako nje:
bomba la shaba, waya mwekundu, waya wa buluu,
koili iliyojikunja kama mtu anayeumwa tumbo.

Mafahali wawili, zizi moja.
Juu moto wa gesi, wenye ulimi;
chini moto wa umeme, usio na sura.
Mimi ndiye niliyelichora zizi.
Nilichora, nikafuta, nikachora,
milimita kumi na mbili za hewa kati yao,
nikadhani zinatosha kuwa ukuta.

Hazikutosha.

Tukiwasha oveni na kuupunguza mwali wa nyuma, ule wa kushoto,
ukawa mdogo kama ukucha wa mtoto,
mara unayumba, unanywea, unakufa.
Vali inajifunga yenyewe, twa! kama ilivyoagizwa.
Hakuna hatari. Hakuna supu pia.
Wiki tatu naandika daftarini: umezimika.
Umezimika. Umezimika saa nne na dakika sita.
Nimeishuku feni. Nimeushuku mgandamizo wa gesi.
Usiku mmoja nilimshuku hata paka wa mlinzi.

Eteri hapimi kwa waya.
Miaka ishirini na miwili anaoka keki zilezile,
ndogo, ishirini kwa sinia,
si za kuliwa, za kutazamwa:
ya pembeni isiwe nyeusi kuliko ya katikati.
(Tunazila hata hivyo. Nimeongeza kilo nne
tangu jiko la tatu.)
Leo amelitoa sinia, mikono imejaa,
akausukuma mlango kwa goti,
nami niliyekuwa nimeinama nikauona mwali
ukiinamisha kichwa kama mtu aliyezabwa kofi.

"Fungua tena," nikasema. "Sasa funga. Kwa goti."
"Goti langu si mashine, Badri."
Akafunga. Mwali ukafa.

Mlango! Si feni, si gesi, wala si paka.
Ule mkono wa chuma tuliouunda kuupima mlango
hufungua na kufunga mara elfu ishirini
kwa adabu, polepole, kama mhudumu wa hoteli kubwa.
Haujawahi kubeba sinia la moto.
Haujawahi kuitwa na mtoto anayelia chumba cha pili.
Goti likisukuma, pumzi ya oveni hukosa pa kutokea,
hupanda, hupenya kwenye zile milimita zangu kumi na mbili
kwenda kumzima jirani.

Tukatoboa matundu sita mgongoni mwa jiko.
Goti. Mwali umetikisika, umesimama.
Goti. Umesimama.
"Na nikiwa na hasira?" Eteri akauliza,
akaubamiza mlango hadi skrubu zikalia mezani.
Umesimama.

Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika mtaa mzima.
Feni ikapiga mluzi wa mwisho,
mita zote zikapofuka kwa pamoja,
keki zikabaki ubichi katikati.
Gizani, nyuma kushoto, ukucha wa buluu.
Eteri akateleka birika juu yake
bila kuniuliza kama jaribio limekwisha.

Nikakumbuka baridi ile nilipokuwa na miaka minane:
bomba kavu, nyaya kavu,
mama akimvunja kiti wa tatu, ndivyo alivyosema,
"huyu naye alikuwa na miguu minne ya bure,"
apate kuni za kuchemshia maharage kibarazani.
Figa moja haliinjiki chungu.
Sisi hata hilo moja hatukuwa nalo.

Sikumwambia Eteri. Nilivuta daftari karibu na mwali
nikaandika, mkono ukinuka gesi na vanila:
Jiko la saba. Mlango: goti, mara kumi na nne; hasira, mara moja.
Mwali: upo.
Keki: hazijaiva. Turudie kesho.