Kokoto za Rau

Kundaeli alizileta ndani ya kiberiti,
mbegu laini kuliko ugoro,
kutoka Karoo, alikopeleka lori.
Alizinunua kwa bibi mmoja, na risiti juu,
maana huko, alisema, wapo wanaozing'oa usiku
na kilima kinaamka na mashimo.
"Dada, zipande. Ila usizimwagie."

Usizimwagie!
Mimi, mtoto wa mfongo,
niliyejua kuifungulia migomba maji
kabla sijajua kufunga kamba za viatu.
Kundi la kwanza nililiua kwa huruma:
asubuhi kikombe, jioni kikombe,
zikavimba, zikapasuka mashavu,
zikalainika kama ndizi iliyosahauliwa kapuni.

Nikaanza upya.
Mchanga wa mto, umeoshwa mara tatu,
kokoto nyekundu za volkano, zile nyepesi zenye matundu,
samadi ya kuonjesha tu,
kama chumvi ya mgonjwa wa presha.
Makopo ya siagi nikayatoboa kwa msumari.
Masika yalipoanza kupiga bati
nikayaingiza barazani, yakakaa makavu
huku Rau nzima ikilowa.

Kuzitambua kunataka lenzi.
Ninayo ya marehemu baba, fundi saa,
ina ufa ukingoni lakini haidanganyi.
Yenye mpasuko unaovuka uso mzima,
kama mdomo wa mtu aliyebana siri, hiyo lithopsi.
Yenye kijitundu katikati tu,
tundu la kifungo cha shati la mtoto, konofitamu.
Ile iliyopanga majani duara, ncha zake vioo,
ukiielekeza juani unaona hadi sebuleni kwake,
hawothia.
Nyingine sizijui. Kwenye kijiti cha aiskrimu
nimeandika: *Sijui.*
Kwenye kingine: *Sijui, ila si ndugu ya ile.*

Na kalenda yao si yetu.
Januari, konofitamu zinajivika ganda la kitunguu.
Mama Aisa alipita akanipa pole ya msiba.
Hazijafa, mama. Zimefunga duka.
Subiri Juni, mawingu yaukalie mlima wiki mbili,
sisi tukitafuta masweta,
ndipo zinapochana ganda na kutoka kijani,
zimeburudika, kama zimefika kwao.

Sasa, Nankondo wa nyumba ya pili, miaka saba,
alikuwa anacheza mdako uani kwangu.
Akapungukiwa kokoto.
Kopo lilikuwa karibu, na kokoto zimejaa.
Akarusha, akadaka, akabana,
kisha ukelele:
"Jiwe limetoa maji!"

Nilitoka na mwiko mkononi.
Kiganja kimelowa, macho yamelowa pia.
Nikalishika lile jiwe, jani moja limechanika,
na ndani yake, nikaona kwa lenzi,
jani jipya, dogo kama punje ya mtama,
limekaa msalaba na la zamani,
linalinywa.
Miaka minne nilikuwa nauliza nani anazinywesha.

Sikumgombeza. Sijui kwa nini.
Nilimpa lenzi.

Siku hizi ananisahihisha.
"Shangazi, hizi si moja. Hii ina nukta,
hii ina mistari kama ramani."
Amefuta *Sijui* tatu kwa mate na kidole.
Moja aliirudisha mwenyewe, bila kuambiwa.

Aprili, saa tisa alasiri,
jua limepata upenyo kati ya mvua mbili,
mdomo wa siri ukafunguka:
ua la njano, pana kuliko mwenye ua.
Kundaeli akapiga simu, yuko foleni Tunduma,
injini zinanguruma nyuma yake.
"Zimechanua?"
Nankondo akanipokonya.
"Moja, mjomba. Siyo ile niliyoirusha.
Ile bado imeninunia."