Benzi ya Mapezi

Nimeitwa Ganjoni, saa tatu asubuhi,
niithamini Benzi ya mwaka sitini na nne,
yenye mapezi nyuma kama nguru,
rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai,
nikeli inawaka hadi najiona meno.

Mimi hutembea na vitu vitatu:
tochi, daftari,
na sumaku ya spika kuukuu
niliyoivika kitambaa isikwaruze.
Sumaku haina haya.
Penye bati hunata, penye bodifila huanguka,
na mwenye gari, kwa kawaida, papo hapo
hukumbuka kuniuliza kama nimekunywa chai.

Bi Zeyana hakuuliza chai.
Aliniita kwa kidole: "Njoo huku.
Hapa chini ya mlango, gonga. Wasikia?
Hiyo si bati, ni unga.
Na ndani ya buti, chumvi ilitoboa
tundu la kupita paka; limezibwa tu.
Na redio haisemi. Andika."

Miaka kumi na tisa ya kazi hii
sijaona mwenye nazi
akikuchagulia iliyooza.

Fundi Mwakio, miguu tu ikionekana,
akaninong'oneza kutoka chini ya gari:
"Hauzi huyu. Ni mirathi.
Kaka yuko Sharja. Kadhi ataka bei.
Mafungu mawili kule, moja hapa."

Ala.
Kumbe baba alipozikwa
gari lilikuwa kiota cha kuku, uani Kibokoni,
limekalia matofali.
Yeye ndiye aliyeuza bangili sita,
kisha kiwanja cha Mtwapa,
akaagiza raba za milango Ujerumani,
akamlipa Mwakio miezi ishirini na miwili;
na kila shilingi aliyoitia humo
ikamzalia deni:
bei ikipanda, kaka avuna theluthi mbili
bila kushika hata spana.

Haya. Nikainama.
Namba ya chasisi nikaipangusa grisi, nikaisoma.
Namba ya injini nikaisoma mara mbili.
Hazijuani.
Injini hii ilizaliwa katika mwili mwingine,
mwaka sabini na moja.
Nilimwambia polepole, kama muuguzi mlangoni,
nikingoja ashukuru:
kasoro hiyo peke yake hula robo ya bei.

"Mwongo," akasema.
Si mimi. Alikuwa akiitazama injini.
"Baba alituapia hajabadilisha hata plagi."

Mlango wa nyuma, kushoto,
kwenye ubao wa dirisha uliong'arishwa ukawa kama tende,
nikakuta vishimo viwili.
"Hayo meno ya Abdulhalim. Hakuwa na mengine.
Mwakio alitaka kuyapiga msasa, nikamkataza."
"Niyaandike kasoro?"
Pikipiki ilipita nje. Ikapita nyingine.
"Andika unachokiona."
Nikaandika: *alama mbili, ubaoni*.
Sikuandika za nini.

Soko halina ukoo.
Wakusanyaji wa Nairobi hulipia namba zinazojuana;
maharusi wa Nyali hukodi weupe na mapezi,
wakarudisha jioni na mchele kwenye viti.
Bei ni kile ambacho mtu mmoja,
asiyemjua baba yako,
atakitoa siku ya Jumanne, akiwa hana haraka.

Nikapiga muhuri:
milioni mbili na laki nane.
Ametia humo nne na ushei;
risiti nimeziona, zimejaa bati la biskuti.

Akaisoma. Ndogo,
kama kidole chake kilivyoomba asubuhi nzima.
Akaikunja karatasi. Akaikunjua.

"Ndiyo hiyo tu?"

Kisha akashika ncha ya leso
akapafuta pale nilipoweka sumaku,
akapafuta tena,
akaendelea hadi mlango wa pili,
ambao sikuugusa.