Lete Nikuwekee

Ishirini na tisa. Redio ipo dirishani, bado haijasema kitu.
Vijana wa Tibirinzi wamepanda juu ya paa la skuli
kuutafuta mwezi.
Mie peke yangu naomba usionekane:
nimebakisha pochi mbili,
na uzi wa kijani umekwisha dukani kwa Nassor Faki.

Ni vipochi vya watoto, vya kuvaa shingoni,
vya kutilia mkono wa Idi.
Kroshia yangu nimeizungusha plasta mpinini
maana kidole kimeota sugu.
Vitanzi sita, nafunga duara,
nazidisha, nazidisha,
mpaka kitako kitoshe kulaza sarafu;
napanda juu bila kuzidisha,
kisha, na hapa ndipo penye siri,
napunguza.
Napunguza hadi mdomo ubane.
Vidole vya mtoto wa miaka saba vinapita.
Mkono wa mtu mzima hauingii.

Wifi yangu Zuwena aliigeuza moja, akaitazama:
"Hii pochi, au umefuma dema?"
Nikacheka. Sikumwambia.

Sikumwambia Idi ile ya gauni la manjano
na viatu vya plastiki vilivyonichubua visigino,
nyumba kumi na saba nimepiga hodi,
tangu kwa Bi Time wa bajia
hadi kwa fundi saa asiyecheka na mtu,
sarafu nimezifunga pindoni mwa mtandio,
fundo zito kama limau.
Pembea naiona. Naisikia inavyolia, chuma kwa chuma.
Na mama kasimama katikati ya njia, kiganja wazi:
"Lete nikuwekee. Utapoteza."

Akaniwekea.
Miaka arobaini na mbili zimo tu, zimewekwa.
Hakuna benki yenye moyo huo.
(Siku ya tatu tulikula kuku.
Sikuuliza kuku katoka wapi.)

Mama yumo humu humu chumbani, juu ya kitanda cha kamba,
donge la uzi mwekundu mapajani;
kazi yake kulilegeza nikivuta.
"Ya nani hiyo?"
Ya Thureya.
"Na ile?"
Ya Shaame mdogo, wa Mkoani.
Dakika mbili hazipiti, ananiuliza tena.
Nami najibu tena, safu juu ya safu,
ndivyo pochi inavyokua.

Leo kauliza jingine:
"Na yangu mie?"

Nimehesabu watoto kumi na mmoja.
Yeye sikumhesabu.
Hapo hapo redio ikakohoa, msomaji akasalimu,
na kabla hajamaliza, mtaa mzima ukapiga kelele:
umeandama.

Basi nikakesha.
Pochi mbili za mwisho zikatoka na midomo ya rangi nyingine,
watoto watagombana, watajua wenyewe.
Na donge lile jekundu nikalichukua mikononi mwake,
taratibu, kashalala,
vitanzi sita, duara, nazidisha.
Hii sikuipunguza.
Mdomo nimeuacha wazi, upana wa mkono
wenye viungo vilivyovimba.

Asubuhi nimemvisha kanga mpya, nimemfukiza udi,
nikamtundikia pochi shingoni,
ndani noti moja, ya elfu.
Akaipapasa kwa nje kwanza.
Akaingiza mkono, ukaingia mzima,
akaitoa noti, akaikunja mara nne.
Akatazama kulia. Akatazama mlangoni.
Kisha akanivuta karibu, akanishindilia kiganjani,
akanifunga vidole kimoja kimoja,
akaniita kwa jina la dada yake, marehemu:

"Kimbia, Bikame.
Kapande pembea,
kabla mama hajatuona."