Mirija Miwili

Mara ya kwanza baba alikuja maabara akinuka moshi.
Sikuwa na haja ya kuuliza alichokula:
pilipili nyekundu ilikuwa bado kwenye masharubu.
"Nilisema uje na njaa."
"Njaa?" Akacheka. "Mimi Bertalan,
Békéscsaba nzima inakula soseji zangu,
nitoke nyumbani kwangu na njaa?"

Nikamfunga mpira. Mshipa ukajitokeza,
ule ule uliokuwa ukitutumka
akikanda nyama ya nguruwe kwenye beseni,
nami mtoto namwagia chumvi, naye:
"Ongeza. Ongeza. Mkono wako una ubahili."

Mashine ikazungusha, ikatulia.
Juu ya wekundu likakaa tui,
tui la kwanza, zito, halijaguswa na maji.
Nikamwonyesha.
Akavua kofia, kama aliyeingia msibani.

Hayo ni mafuta ya asubuhi tu, nikamwambia,
yatapita. Rudi Alhamisi, tumbo tupu.

Alhamisi akaja mdomo mkavu, amenyoa,
hata viatu amevipiga rangi.
Na kweli, damu ilipochujuka
maji yake yalikuwa safi, rangi ya chai kavu iliyopoa.
Akauinua mrija dirishani,
akanibusu kwenye paji la uso.
"Unaona? Umenitisha bure."

Baba, kolesteroli haitii ukungu.
Inakaa mle mle ndani ya usafi,
inatazama dirishani pamoja nawe.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
hiki kimevuka nguo, kimevuka ngozi.

Karatasi ikatoka. Ile mbaya, peke yake:
tano nukta tisa.
Akaisoma mara mbili, akaikunja
kama anavyokunja risiti za mteja asiyelipa.

Nikataka kumpunguzia. Si soseji tu, nikasema,
ni urithi pia, babu naye alianguka ghafla,
ni siagi, ni kukaa, ni umri.
"Usiitetee," akasema.
"Nimeitengeneza mimi. Najua nilichotia."

Sasa ni Januari. Theluji imefika kwenye kitasa.
Bado anauza, bado anaonja, ila siku hizi anatema,
na mama anajifanya haoni lile kopo.
Jana nilimkuta jikoni, bakuli la dengu linapoa,
kisu mkononi.
Akakata kipande kimoja, chembamba,
akakiinua dirishani
kama alivyouinua ule mrija.
"Naona mti wa jirani kupitia humu," akasema.
"Kwa hiyo hiki hakihesabiki."

Nikanyamaza.
Nikakihesabu.