Matone Mara Nne

Jina lake Wiebe. Ulimi wa Barabara ya Saba
ulilipinda siku ya kwanza likawa Wimbi,
akaitika, na kuitika ndiko kuhamia.
Alistaafu mitambo ya meli huko kwao,
ambako, anasema, baiskeli ni nyingi kuliko watu;
ndiyo maana alipoiona Tanga akashusha begi.

Saa moja yuko kibarazani kwangu na pampu yake,
gurudumu lenyewe halina hata neno.
Chapati mbili, moja ya paka.
Saa nne anasoma pensheni kwenye simu, anaguna.
Saa sita analala. Saa kumi
anamenya chungwa la Muheza kwa kisu cha kuchongea penseli,
na ganda halikatiki, linashuka mpaka gotini.

Mwaka huu ganda likaanza kukatika.
Akamwamkia mbuzi wa Mwantumu, "Za asubuhi, mama."
Akaligonga gunia la mkaa lililojisimamia na adabu zake.
Akasema taa za Ngamiani zimeota ndevu.

"Mtoto wa jicho," alisema Sista Hoza, kule Bombo.
"Kulia na kushoto."
Wimbi akacheka peke yake:
miaka sabini na tatu bila mtoto,
na leo pacha.

Dada yake akapiga simu. Nilikuwa naziba pancha,
naisikia lugha yao ikikwaruza kama mnyororo mkavu.
Baadaye akanifasiria: rudi nyumbani utibiwe,
usipasuliwe ughaibuni.
Nikashangaa. Ughaibuni, kwetu, ni huko anakoitwa.
Kumbe na sisi ni ughaibuni wa mtu.
Nikaitazama barabara yetu, mtaro,
kanga za Mwantumu kambani,
nikajaribu kuiona ngeni.
Sikuweza.

Siku yenyewe alikaa nyuma, kwenye keria,
mikono kiunoni mwangu, miguu mirefu ikikwangua lami,
mzee mwenye kibali cha ukaazi na bima ya nchi mbili
anabebwa kama mtoto wa chekechea.
"Epa matuta," aliniomba.
Nililipanda moja tu.

Dakika ishirini. Akatoka na kiraka cheupe,
akasema humo ndani hamna giza, mna rangi,
kama petroli juu ya dimbwi,
na sauti ya mtu inakuuliza una watoto wangapi.
"Walikuwa wawili," alimjibu. "Mmoja unaye mkononi."

Asubuhi kiraka kikatoka. Alikuja kwa miguu,
akachuchumaa mbele ya baiskeli yake kama anayekagua injini.
"Ni kijani."
"Ni kijani tangu mwaka juzi."
"Nilikuambia uipake nyeusi."
"Nyeusi iliisha. Nawe ulinishukuru."
"Nilikushukuru," alisema,
akalichukua chungwa, akaligeuza, akaligeuza tena:
nalo kijani, nalo limeiva.
Siku hiyo hatukuongea sana.

Matone mara nne kwa siku, wiki nne.
Mkono wake unatetemeka, wangu una grisi;
nikanunua sabuni ya kipande, nikaiweka juu ya boksi la spana.
Saa yangu hukimbia, yake imesimama,
basi tukafuata adhana.
Alfajiri tone. Adhuhuri tone.
Alasiri, watoto wa madrasa wakichungulia, tone.
Magharibi tone.
Anainua uso, nadondosha, anafumba.
Chozi la dawa linashuka kwenye kunjo lilelile la shavu,
analiacha lijikaukie.

Jana usiku nilikuwa nafunga duka.
Adhana ya isha ikaanza,
naye, kwa mazoea, akainua uso,
jicho wazi, akangoja.
"Hii ya tano si yako," nilimwambia.
Alijua. Hakuushusha uso.
Nikaliacha kufuli likining'inia,
nikakaa naye kidogo pale kibarazani, mikono mitupu,

nami nikaikosa rakaa ya kwanza.